Kumeza na Kufunzwa: Dhana Mbili za Nguvu na Ukuaji wa Mhusika katika Isekai na katika Ngano za Usukuma

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha dhana za nguvu na ukuaji wa mhusika katika utanzu wa kubuni wa Kijapani uitwao isekai na katika ngano za mazimwi, hususan ngano ya Kisukuma ya Shing'weng'we na Masala Kulangwa. Matini zilizochunguzwa ni riwaya tatu za isekai, ngano hiyo ya Kisukuma, ngano ya Nunda iliyochapishwa na Steere (1870), na riwaya ya Shaaban Robert, Kusadikika (1951). Hoja kuu ni kwamba matini hizi zinashindana juu ya maswali manne: nguvu inatoka wapi, nani anaipima, inamgharimu nani, na mwenye nguvu anarudi kwa nani. Makala yanaonyesha kwamba ngano za Kiafrika zilizochunguzwa zinampa zimwi nguvu ya kumeza na kumpa shujaa nguvu ya kufunzwa, ilhali baadhi ya isekai humpa shujaa mwenyewe nguvu ya zimwi. Makala yanahitimisha kwamba tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, ambako swali la nguvu inayopatikana kwa kumla mwingine limetoka katika ngano na kuingia katika maisha ya watu.

1.0 Utangulizi

Neno isekai ni la Kijapani na maana yake ni "dunia nyingine". Katika uhakiki wa leo neno hilo limekuwa jina la utanzu wa riwaya, vibonzo na katuni ambamo mtu wa kawaida, mara nyingi kijana asiye na cheo wala mafanikio, hufa au huitwa ghafla na kujikuta katika ulimwengu wenye majoka, wachawi na falme. Huko hupata uwezo ambao hakuwa nao kwao. Sehemu kubwa ya riwaya hizi ilianzia katika tovuti ya Kijapani ya Shōsetsuka ni Narō, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambamo waandishi wasio na mchapishaji hutoa hadithi zao sura baada ya sura. Kutoka huko zikawa vitabu, kisha katuni, na leo zinamfikia mtazamaji popote penye simu janja.

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anaweza kuuliza utanzu huu unamhusu nini. Jibu la kwanza ni kwamba motifu ya safari ya kwenda ulimwengu mwingine si ngeni kwetu. Ngano zetu zimejaa watu wanaoshuka kuzimu, wanaomezwa na mazimwi na wanaopotelea katika miji ya majini. Riwaya ya Kiswahili nayo ina Kusadikika, nchi inayoelea angani, na ina safari za kifalsafa za Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991). Jibu la pili ni zito zaidi. Msomaji au mtazamaji kijana hazipokei hadithi hizi akiwa mtupu. Anazipokea akiwa tayari ana maarifa ya jamii yake juu ya nguvu ni nini na mtu hukua vipi. Maarifa hayo yamehifadhiwa katika ngano, na uhakiki linganishi ndio njia ya kuyaonyesha.

Makala haya yamejikita katika Usukuma, na hasa Shinyanga na Geita. Sababu si wingi wa ngano peke yake. Eneo hili limeishi na migodi kwa muda mrefu: almasi ya Mwadui iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, mgodi wa Geita uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, mgodi mkubwa wa sasa wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu katika Kahama, na pembeni mwa yote hayo maelfu ya wachimbaji wadogo wenye maduara yao. Hapa swali la mtu maskini kupata nguvu kwa ghafla, kwa kushuka mahali ambapo wengine hawaoni, ni swali la maisha ya kila siku.

2.0 Msamiati wa nguvu na wa ukuaji

Kabla ya kuzilinganisha matini, yafaa kutenganisha maneno. Kiswahili hakina neno moja linalobeba maana yote inayohusika hapa. Nguvu ni ya mwili kwanza, kisha ya kitu chochote chenye kani. Uwezo unatokana na kitenzi weza na hutaja jambo ambalo mtu anaweza kulitenda, hata kama hajalitenda. Mamlaka na enzi hutaja nguvu inayotambuliwa na watu wengine: hakuna mwenye mamlaka jangwani peke yake. Kudra ni nguvu iliyo juu ya mwanadamu. Kwa hiyo mhusika anaweza kuwa na nguvu bila mamlaka, kama zimwi, au kuwa na mamlaka bila nguvu, kama mfalme mzee wa ngano nyingi.

Upande wa ukuaji nao una ngazi zake. Kukua ni kuongezeka, na hata deni hukua. Kukomaa ni kufikia hali ambayo kitu kinafaa kwa matumizi yake, kama hindi au mbao. Kupevuka kunaongeza wazo la akili na busara. Mtu huweza kukua asikomae, na lugha yenyewe inaruhusu kejeli hiyo tunaposema juu ya mtu mzima kwamba amekuwa mkubwa wa mwili tu.

Tofauti hizi ni muhimu kwa sababu isekai nyingi hushughulikia kukua kwa maana ya kwanza, yaani kuongezeka. Mhusika hufungua mbele ya macho yake jedwali linaloonyesha kiwango chake, ujuzi wake na kiasi cha nguvu alichobakiwa nacho, mfano wa mchezo wa kompyuta. Anapomuua mnyama, tarakimu hupanda. Ukuaji wake unahesabika, na anayehesabu ni mfumo usio na uso. Swali la kukomaa na kupevuka halifutwi, lakini linaachwa litafute nafasi yake lenyewe.

3.0 Wahusika watatu wa isekai

Isekai si kitu kimoja, na hukumu ya jumla haiwezi kuwa ya haki. Makala haya yamechagua wahusika watatu wanaowakilisha misimamo tofauti.

Wa kwanza ni Rimuru katika riwaya ya Fuse, iliyoanza kutolewa mwaka 2013, inayomhusu mtu aliyezaliwa upya akiwa kiumbe laini cha utelezi. Katika maisha ya kwanza alikuwa mwajiriwa wa miaka 37 aliyechomwa kisu barabarani. Katika maisha ya pili ana uwezo wa kumeza chochote na kujitwalia sifa za alichokimeza. Anameza mimea, madini, wanyama na maadui, na hata joka kuu linaingia tumboni mwake, ingawa joka hilo linaridhia. Kila anachomeza kinamwongezea kitu.

Wa pili ni Subaru katika riwaya ya Tappei Nagatsuki, Re:Zero, iliyoanza mwaka 2012. Anaitwa ghafla katika ulimwengu mwingine akitoka dukani. Hana upanga wala uchawi wa maana. Ana jambo moja tu: akifa, anarudi nyuma hadi wakati fulani uliopita na kuanza upya, akikumbuka yote, ilhali wenzake hawakumbuki lolote. Tena amefungwa asiweze kumwambia mtu siri hiyo, na akijaribu kuisema hupata mateso makali.

Wa tatu ni Rudeus katika Mushoku Tensei ya Rifujin na Magonote, iliyotolewa kwa mfululizo tangu 2012 hadi 2015. Alikuwa mtu wa miaka 34 aliyejifungia ndani ya nyumba, akagongwa na lori, akazaliwa upya kama mtoto mchanga mwenye kumbukumbu za mtu mzima. Ana kipaji kikubwa cha uchawi, lakini riwaya inamlea polepole: ana mwalimu, ana wazazi, anaoa, anafiwa. Aibu za maisha ya kwanza hazimwachi kwa sababu tu amebadilisha mwili.

Tayari tunaona dhana tatu. Kwa Rimuru, nguvu ni mkusanyiko. Kwa Subaru, nguvu ni mzigo usioshirikika. Kwa Rudeus, nguvu ni mtaji ambao hauna thamani mpaka tabia ikomae. Sasa tuzitazame ngano.

4.0 Ngazi mbili: Nunda na Mkaa Jikoni

Katika mkusanyiko wa ngano za Zanzibar uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kuna ngano ya Sultani Majinuni. Ngano hiyohiyo ilitolewa kwa Kiingereza na Bateman mwaka 1901, na humo shujaa anafahamika kwa jina la Mkaa Jikoni. Ni mtoto wa mwisho wa sultani, wa saba kwa idadi, asiyetarajiwa kufanya jambo.

Sultani ana paka. Paka huyo anaanza kula mifugo midogo, kisha mikubwa, kisha watu. Kila watumishi wanapolalamika, sultani anajibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake pia. Ni pale paka anapowaua baadhi ya wana wa sultani mwenyewe ndipo jina linapobadilika: huyu si paka tena, ni Nunda mla watu. Mtoto wa mwisho anaondoka kumtafuta. Anaua mnyama, anamletea mama yake, anauliza kama ndiye. Mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Anarudi porini, anaua mnyama mkubwa zaidi, anarudi tena, anakanushwa tena. Wanyama wanaongezeka ukubwa hadi anapompata Nunda mwenyewe.

Ngano hii imejengwa juu ya ngazi mbili zinazopandwa sambamba. Paka anapanda kwa kula, na kila mlo unamfanya awe na uwezo wa mlo mkubwa zaidi. Mtoto naye anapanda, na kwa jicho la haraka anafanana na mhusika wa isekai anayeua vidogo ili afikie vikubwa. Lakini mnyama aliyeuawa hamwongezei mtoto chochote mwilini. Kinachomwongezea ni jibu la mama. Kila kukanushwa kunampa maarifa mapya ya kile Nunda asicho. Ukuaji wake ni wa kupunguziwa makosa.

Tofauti ya pili iko kwa sultani. Paka hakukua kwa siri. Alikua mbele ya mamlaka iliyokuwa na uwezo wa kumzuia ikakataa, kwa hoja ya umiliki: mali ni yangu na anayeiharibu ni wangu. Ngano inasema kwamba zimwi huzaliwa palipo na mwenye mamlaka asiyetaka kuhesabu hasara ya wengine. Hili halina jedwali la kulipima.

5.0 Masala Kulangwa: nani anapima?

Muundo huohuo unaonekana bara, katika ngano ya Kisukuma. Katika matoleo yake yaliyoandikwa, zimwi Shing'weng'we linameza watu wote pamoja na mifugo yao. Anabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi ya nafaka. Anazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto anapopata akili anauliza walipo watu wengine. Mama anamweleza. Mtoto anatoka kwenda kulitafuta zimwi. Anaua panzi, anarudi akishangilia kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama anamwambia huyo ni panzi tu, na amchome wamle. Siku nyingine anarudi na ndege, nyingine na mnyama mdogo wa porini, kisha mkubwa zaidi, na kila mara majibu ni yaleyale. Mwishowe anakutana na zimwi lenyewe, analiua, analipasua tumbo, na watu wanatoka wakiwa hai.

Wahakiki wamelinganisha ngano hii na ngano za zimwi mmezaji zinazopatikana katika sehemu nyingine za Afrika, kama ile ya Wasotho inayomhusu Senkatana. Katika Usukuma imetumika pia nje ya fasihi: mapadre wa Maryknoll waliofanya kazi Shinyanga, Joseph Healey na Donald Sybertz, waliijadili katika kitabu chao cha 1996 kuhusu teolojia simulizi, wakimfananisha shujaa huyo na Kristo. Usomaji wa makala haya unaelekea upande mwingine, kwenye jina lenyewe.

Jina Masala Kulangwa hutafsiriwa kwa kawaida kuwa "mwerevu" au "mwepesi wa kuelewa". Lakini umbo lake linastahili kutazamwa. Masala ni akili. Kulangwa ni kitenzi katika kauli ya kutendwa, chenye maana ya kufundishwa. Kwa hiyo ndani ya jina la shujaa aliyeokoa dunia kuna kitenzi ambacho yeye si mtenda wake. Akili yake ni ya kufundishwa, na kwa kila anayefundishwa yupo anayefundisha. Katika ngano yupo: ni mama.

Hapa ndipo jibu la swali la kipimo lilipo. Mtoto aliyeua panzi na kudhani ameua zimwi angeweza kuridhika. Hakuwa na mtu mwingine wa kumlinganisha naye, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa imemezwa. Kama angekuwa na jedwali la kiwango mbele ya macho yake, lingempongeza kwa panzi, na kiwango kingepanda kwa haki kabisa. Mama hafanyi hivyo. Wala hamdharau mtoto: panzi anachomwa na kuliwa, kazi ya mtoto inakuwa chakula cha nyumbani. Anamkubalia kazi na kumkatalia sifa. Ni malezi magumu haya, nayo yanawezekana tu kwa mpimaji anayelijua zimwi, anayempenda mtoto, na ambaye naye atakufa mtoto akikosea.

Kwa mtazamo huu Rudeus ndiye aliye karibu zaidi na Masala Kulangwa. Ana kipaji cha kuzaliwa, lakini hatua zake za kweli ni zile ambazo mwalimu au mzazi anamwonyesha kwamba ushindi wake ni panzi. Rimuru, kinyume chake, ana sauti ndani ya kichwa chake inayomjulisha kila uwezo mpya alioupata. Sauti hiyo inajua mambo mengi, lakini mwanzoni mwa hadithi haina cha kupoteza.

6.0 Kumeza: nguvu ya zimwi mikononi mwa shujaa

Tofauti kali zaidi inatokea tunapomweka Rimuru mbele ya Shing'weng'we. Wote wawili humeza, na vilivyomezwa hubaki tumboni kwa namna fulani. Katika ngano ya Kisukuma, hata hivyo, tumbo ni gereza, na tendo la kishujaa ni kulipasua. Katika riwaya ya Fuse, tumbo ni ghala, na tendo la kishujaa ni kuliongezea akiba. Nafasi ya kimaadili ya tendo moja imegeuzwa.

Haitoshi kusema kwamba isekai imepotoka. Riwaya yenyewe inalijua tatizo na inajaribu kulitibu. Rimuru huwapa majina viumbe wanyonge, na katika ulimwengu ule kumpa mtu jina ni kumtolea sehemu ya nguvu zako. Baada ya kuwapa majina wengi mfululizo yeye mwenyewe huishiwa na kuzimia. Anajenga nchi ambamo jamii zilizokuwa zikiwindana zinakaa pamoja. Kwa hiyo kuna mzunguko: kinachoingia kwa kumezwa kinatoka kwa kutajwa. Riwaya inaelekea kusema kwamba mmezaji anaweza kuwa mwema akiwa mkarimu.

Ngano haikubali hoja hiyo, na sababu yake si ukali bali ni kwa kuwa inamtazama aliyemezwa. Mwishoni mwa baadhi ya matoleo ya Masala Kulangwa kuna tukio dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Shujaa anapolipasua tumbo la zimwi, kisu kinamkata bibi kizee sikio. Bibi anakasirika, anataka kumroga aliyemwokoa. Shujaa hana budi kutafuta dawa na kumponya. Baada ya hapo tu ndipo anapokuwa mtawala, na mama yake anapata heshima ya mama wa mtawala.

Tukio hili ndilo linalogeuza nguvu kuwa mamlaka. Kuua zimwi kumethibitisha nguvu. Kuponya sikio kunathibitisha kwamba mwenye nguvu anawajibika hata kwa madhara aliyoyafanya bila kukusudia, hata kwa mtu mmoja asiye na cheo, hata katikati ya shangwe. Bibi hakuambiwa ashukuru na kunyamaza. Ukarimu wa Rimuru hutoka juu kwenda chini, kwa hiari yake. Dawa ya Masala Kulangwa ni deni, na mdai amesimama mbele yake akiwa na sikio lililokatwa.

Katika ukanda wa dhahabu, suala la kumeza si la kinadharia. Kuanzia takribani mwaka 2007, Kanda ya Ziwa ilikumbwa na wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino, waliouawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Bryceson, Jønsson na Sherrington, katika makala yao ya 2010, walihusisha imani hiyo na matumaini ya wachimbaji wadogo wa dhahabu na huduma za baadhi ya waganga waliowauzia bahati. Sababu za uhalifu ule ni nyingi na fasihi haiwezi kuzieleza zote. Lakini dhana iliyo ndani yake inatambulika: kwamba mwili wa mwingine una kitu ambacho, kikichukuliwa, kitaniongezea mimi. Hiyo ni nguvu ya Shing'weng'we. Anayedhani kwamba uhalifu ule ulitokana na "mila" za Usukuma hana budi kueleza kwa nini ngano mashuhuri ya Usukuma imempa zimwi nguvu hiyo, na kumpa shujaa kazi ya kuwatoa waliomezwa.

7.0 Kufa, kunyamazishwa na kutolewa

Isekai nyingi huanza kwa kifo, na kifo hicho ni mlango wa kupata nguvu. Masimulizi ya Kanda ya Ziwa na ya sehemu nyingine za Tanzania yana mtu wa namna hiyo aliyegeuzwa: msukule. Kwa mujibu wa imani hiyo, msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa na kufichwa ili amfanyie kazi aliyemchukua. Husimuliwa kwamba hukatwa ulimi asiweze kusema na hulishwa pumba. Naye amehamia dunia nyingine, lakini huko hapandi, anashuka: jina, sauti na kazi yake vinakuwa mali ya mwingine. Masimulizi haya ni tahakiki ya utajiri usioeleweka chanzo chake. Yanauliza, pale mtu anapotajirika ghafla, ni nani anayefanya kazi gizani.

Kando yake kuna masimulizi ya Gamboshi, kijiji cha Bariadi kilichokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Uvumi wa miaka mingi unadai kwamba usiku kijiji hicho hugeuka jiji lenye taa na fahari. Uvumi huu umekibandika kijiji cha watu wanaolima na kufuga jina baya lisilo la haki. Kifasihi, hata hivyo, unaonyesha kwamba ulimwengu mwingine unaweza kufikiriwa papo hapo, juu ya ardhi ileile ya pamba na mifugo, na kwamba fahari yake hutiliwa shaka mara tu inapofikiriwa.

Subaru wa Re:Zero anaeleweka vizuri zaidi akisomwa kando ya msukule kuliko akisomwa kando ya Rimuru. Anakufa mara nyingi, na ulimi wake umefungwa. Mwanzoni anadhani kurudi kwake nyuma ni upendeleo, na anajiona shujaa wa hadithi. Anaposhindwa hata hivyo, anawalaumu wenzake kwa kutomthamini kwa mateso ambayo hawakuyaona. Kupevuka kwake kunaanza pale anapokubali kuomba msaada bila kuweza kueleza kwa nini, na kumwachia mwingine hiari ya kumwamini au kutomwamini. Idadi ya vifo haimkomazi, kwani kifo kinampa taarifa tu. Kinachomkomaza ni uhusiano.

Jambo hili lina mwangwi katika tukio la kweli. Mwezi Oktoba 2015, shimo la wachimbaji wadogo liliporomoka huko Nyangalata, Kahama. Wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, walikoishi kwa kula mizizi na wadudu. Mmoja wao alifariki baadaye. Kwa kipimo cha hadithi za kuhama dunia, hao walikwenda na kurudi. Lakini hakuna aliyewaeleza kama watu waliorudi na nguvu. Walirudi wakiwa dhaifu, nao hawakujitoa: walitolewa na watu wengine waliochimba kuwafuata. Katika maduara, ambako mchimbaji hutegemea matimba yaliyosimikwa na mwenzake na kamba inayoshikwa na aliye juu, ujasiri wa mtu mmoja una mpaka unaojulikana na wote. Husemwa mgodi "umetema" unapotoa dhahabu. Ni neno linalokumbusha kwamba kinachotema ndicho kilicho na uwezo wa kumeza.

8.0 Swali la kurudi

Tofauti ya mwisho inahusu kurudi. Rimuru na Rudeus walikufa kwao, na hawana pa kurejea. Dunia ya kwanza ilikuwa mahali pa kushindwa, na hadithi haiidai chochote wala yenyewe haidai. Nguvu mpya inatumika kule ilikopatikana. Hapa pana faraja kwa msomaji aliyechoshwa na ajira na upweke wa mjini, na faraja hiyo si ya kubezwa. Lakini inaacha dunia ya kwanza kama ilivyokuwa.

Shaaban Robert alilitazama jambo hili kwa namna iliyo kinyume kabisa. Katika Kusadikika, wajumbe sita wanatumwa nchi mbalimbali, hata mbinguni na ardhini. Kila mmoja anavumilia taabu, anajifunza, na anarudi na maarifa ya kuitengeneza nchi. Malipo yao ni kifungo. Simulizi zao zinatufikia kwa kinywa cha Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kueneza elimu ya sheria, na anayejitetea kwa kuwakumbusha wenye enzi wajumbe waliowatesa. Mwishowe wafungwa wanaachiliwa. Ukuaji wa wajumbe ulikamilika kule walikokwenda. Kilichobaki ni kama nchi yao itakubali kukua pamoja nao. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), anaigeuza safari tena: anayerudi kutoka kwa wafu ni babu, na anayepaswa kuoneshwa dunia kwa macho mapya ni mjukuu, K, mwenye madaraka. Huko kuhama dunia humvua mhusika nguvu zake ili aone alichokuwa akikitenda.

Masala Kulangwa yuko upande huu. Safari zake zote ni fupi, na kila moja inaishia nyumbani kwa mama. Hata ushindi wake mkuu ni tendo la kurudisha: watu waliomezwa wanarudi katika dunia waliyonyang'anywa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba isekai na ngano zilizochunguzwa zinatumia motifu zinazokaribiana, yaani mhusika mnyonge, ulimwengu mwingine, na hatua za kupanda, lakini zinajibu tofauti maswali manne yaliyoulizwa. Juu ya chanzo, Rimuru hupata nguvu kwa kutwaa, na Masala Kulangwa kwa kufundishwa. Juu ya kipimo, isekai nyingi humtegemea mhesabuji asiye na uso, ilhali ngano humtegemea mama ambaye hatima yake imefungamana na ya mtoto. Juu ya gharama, ngano inamtazama aliyemezwa na aliyekatwa sikio, na inamfanya kuwa mdai. Juu ya kurudi, Kusadikika na ngano zinaiona nguvu kuwa haijatimia mpaka imefika nyumbani.

Imebainika pia kwamba isekai ina mjadala wake wa ndani. Subaru na Rudeus wanaishuku nguvu ya kupewa kwa sababu zinazokaribiana na za ngano zetu, na hilo lamtaka mhakiki asiuhukumu utanzu mzima kwa mhusika mmoja. Kwa walimu wa fasihi katika shule na vyuo vya Kanda ya Ziwa, matini hizi zinaweza kufundishwa kwa pamoja. Mwanafunzi anayemfahamu Rimuru tayari ana la kusema juu ya Shing'weng'we, na akiulizwa tumbo la kila mmoja lina nani ndani yake, atakuwa ameanza kazi ya uhakiki. Utafiti zaidi unahitajika juu ya matoleo ya ngano hii yanayosimuliwa leo katika makazi ya wachimbaji, ambako watambaji hutoka makabila mengi na Kiswahili ndicho lugha ya utambaji. Huko ndiko itakapoonekana kama mama bado anamkanusha mtoto aliyeleta panzi, na kwa maneno gani.